Mwaka wa Pedali ya Kijani

Nilienda kwenye mazishi ya Ndwiga ili nihakikishe amezikwa. Najua si jambo la kuandikwa, na waliozoea kusoma kumbukumbu za watu wazima watataka niseme nilienda kwa huzuni, au kwa heshima, au kwa sababu wakati huponya. Haujaniponya. Niliamka kabla ya jua huko Mwea nilikokuwa naendesha trekta la mtu, nikavaa shati jeupe, nikafika Karurumo watu wakiwa bado wanapanga viti. Nilikaa safu ya mwisho, chini ya hema, mikono mapajani kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Mbele, juu ya meza yenye kitambaa cha zambarau, walikuwa wameweka picha ya marehemu, gitaa lake jekundu, na kando ya gitaa, katikati ya maua ya plastiki, pedali ya kijani. Nilipoiona nilisimama bila kujua nimesimama. Jirani yangu akanivuta suruali. "Mzee, kaa. Bado hatujaitwa kuaga."

Msomaji wa wasifu alikuwa kijana mwenye sauti ya redio. Alisoma shule alizosoma marehemu, kanisa alilobatiziwa, watoto aliowaacha. Kisha akainua kichwa na kutabasamu. "Na nyinyi nyote mnajua," akasema, "kwamba huyu ndiye mtu aliyeipa Embu ile sauti ya nyuki. Kabla ya Ndwiga, gitaa la huku lilikuwa linalia tu kama kengele ya mbuzi. Ndwiga alikaa chini, akatafuta, akavumbua." Watu wakapiga makofi. Mimi nilitafuna ulimi wangu mpaka nikasikia chumvi. Alikaa chini! Ndwiga hakuwahi kukaa chini mbele ya pedali hata siku moja. Aliyekaa chini nilikuwa mimi, sakafuni, juu ya gunia la mahindi lililokunjwa mara mbili, miezi minne, katika chumba cha nyuma cha Mzee Ireri.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kumaliza kidato cha nne, na ulikuwa ule mwaka ulioishia kwa mvua za Elnino. Bendi ya Ndwiga ilikuja kupiga Kianjai siku ya soko, mpiga gitaa wao akawa mgonjwa, nikapanda jukwaani na nyimbo za kanisa vidoleni, na jioni hiyohiyo niliondoka nao. Ndwiga alikuwa mtu mrefu, mwenye kucheka kwa kurusha kichwa nyuma, na alipokuita "ndugu yangu" uliamini mmezaliwa nyumba moja. Hakuwa na mahali pa kunilaza. Akanipeleka kwa Mzee Ireri, fundi wa redio pale Karurumo, ambaye chumba chake cha nyuma ndicho bendi ilifanyia mazoezi. Chumba hicho nakijua kuliko nyumba zote nilizokodi tangu siku hiyo. Kuta za mabati, upande mmoja rafu za redio zilizokufa, zimevuliwa mifuniko, matumbo nje. Benchi la mbao lililochomwachomwa na risasi ya kuchomelea. Harufu ya moshi wa risasi, ya asali, na ya githeri ya Mama Wawira, mkewe, aliyepika mahindi yake na ndengu badala ya maharagwe kwa sababu wote wawili walikuwa watu wa Mbeere, wa kule chini kwenye joto, na hawakuamini maharagwe. Kulikuwa na kuku mmoja mweusi aliyeatamia ndani ya sanduku la spika, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Mzee alikuwa mfupi, kifua kibovu kwa ajili ya ule moshi wa risasi wa miaka mingi, na meno ya mbele hana. Kila "sh" ilimtoroka ikawa "s", na mkewe, kwa kuishi naye, alisema vivyo hivyo. Siku ya kwanza aliniangalia toka viatu hadi kichwa, akamuuliza Ndwiga, "Huyu ni wa wapi?"

"Kianjai. Anaitwa Mwiti."

"Mmeru?" Mzee akamgeukia mkewe. "Mama Wawira, ficha visu."

"Mimi sina hasira," nikasema, kwa hasira.

Walicheka mpaka mzee akakohoa na kushika benchi. Baadaye huo ukawa mchezo wao. Nikikosea kamba: "Pole pole, Mmeru atapasua gitaa." Nikinyamaza: "Ameanza. Toeni watoto." Nilikuwa nacheka nao. Leo nikikumbuka sicheki, kwa sababu walichokuwa wakitania ndicho kilichonila.

Sasa nieleze habari ya pedali, maana watu wengi wanaosema juu ya sauti ya nyuki hawajui ni nini. Bendi zote za huku zilipiga gitaa safi, nyuzi zinang'ara, kila noti imesimama peke yake kama nguo kwenye kamba. Ndwiga alitaka gitaa likwaruze. Alikuwa amesikia kanda za nje ambazo gitaa linanguruma, akasema bendi itakayofanya hivyo kwanza itazika zote. Akaenda Nairobi akarudi na amplifaya mpya ya transista, nyeusi, yenye taa nyekundu, na pedali mbili kuukuu. Pedali ni kisanduku cha chuma unachokanyaga kwa mguu. Waya wa gitaa unaingia huku, unatokea huku kwenda kwenye amplifaya, na katikati sauti inaharibiwa kwa makusudi. Moja ilikuwa nyeusi. Nyingine ya kijani. Kila moja ilikuwa na nobu tatu za kuzungusha: ya ukali, ya toni, na ya wingi wa sauti. Ndwiga alizitupa mapajani mwangu. "Wewe umesoma. Chagua."

Nilichagua ile nyeusi, kwa sababu ilikuwa na kelele zaidi, na nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tuliipeleka Kianjai, kwetu, siku ya soko, watu wangu wote wapo. Wimbo ulifika katikati, nikakanyaga. Kilichotoka ndani ya ile amplifaya ya transista kilikuwa posho mili inayosaga mawe. Kila noti niliyopiga ilimezwa na mwenzake. Wachezaji wakasimama, mguu mmoja juu. Mzee mmoja muuza miraa akaja mpaka mbele ya jukwaa, akainama, akachungulia spika kama anayemtazama ng'ombe mgonjwa, kisha akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya kutosha soko zima, "Kijana, spika yenu imeraruka. Kuna mama pale anashona magunia, mpelekee." Sokoni kote kicheko. Kuna mtu alileta sindano ya magunia kweli, na uzi, akaniwekea juu ya amplifaya. Ndwiga alinong'ona akiwa bado anatabasamu kwa watu, "Umeniaibisha mbele ya watu wenu wenyewe." Niliikanyaga pedali nyeusi tena, safari hii kwa kisigino, mpaka nobu moja ikavunjika.

Nilirudi Karurumo nikisema naacha muziki. Mzee Ireri hakunipa pole. Alinipa bakuli la uji wa wimbi, akaketi, akaniuliza nimeweka pedali gani kwenye amplifaya gani. Nikamwambia. "Na hii ya kijani?"

"Hiyo haina kitu. Nimeijaribu kwa ile transista. Inalia kama mbu ndani ya mkebe."

"Kesho twende nyumbani," akasema.

Nyumbani kwake ilikuwa kule chini, Mbeere, kwenye miti ya miiba na udongo mwekundu unaochoma hata kupitia ndala. Alikuwa na mizinga ya magogo imening'inia kwenye miti, kumi na kitu. Akanipeleka chini ya mmoja, akanipa fimbo. "Gonga." Nikagonga. Ukalia kama ngoma. "Hamna mtu hapo," akasema. Tukaenda wa pili. "Gonga." Nikagonga, na ndani ya gogo kitu kikajibu, kwa chini, kirefu, kama watu wengi wanaokubali jambo kwa kuguna. Kisha akawasha kitambaa kikuukuu ndani ya mkebe, akapanda ngazi yeye mwenyewe na kifua chake kibovu, akapuliza moshi mdogo tu, pumzi moja, kwenye tundu. Lile guno likapanda. Likajaa. Halikuwa kelele; ungeweza kusikia kila nyuki na ungeweza kusikia wote. Akashuka, akakaa juu ya jiwe, akahema.

"Mosi hauna sauti," akasema. "Umesikia mosi ukilia? Sauti ni ya nyuki. Hiyo pedali ya kijani ni mosi. Ukiipulizia mzinga mtupu, utapata mosi tu. Hiyo nyeusi ni debe: inajipigia kelele yake, haijali imewekwa wapi, na hiyo ndiyo ya mzinga mtupu, lakini uipige kidogo. Wewe ulipiga debe lote. Usiulize pedali inalia aje, kijana. Uliza kwanza mzinga una nini ndani."

"Na hatuna mzinga mwingine ila ile transista."

"Tuko nao," akasema.

Ilikuwa redio kubwa ya mbao iliyokaa mwisho wa benchi chini ya kitambaa cha kufuma. Alikuwa ameitoa kwenye jaa la shamba moja la zamani la wazungu. Ndani hakukuwa na transista bali valvu, zile chupa ndogo za kioo zenye waya ndani zinazowaka kama makaa. Alinichomelea tundu la gitaa kwa nyuma, akafunga spika nzima badala ya ile iliyoliwa na panya. Nikachomeka pedali ya kijani. Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena, nikatukana.

"Ngoja."

"Imekufa hii."

"Haijafa, inaamka. Redio ya valvu si ya Mmeru. Unawasa, unangoja." Na Mama Wawira kutoka jikoni: "Toeni watoto!"

Vioo vikaanza kuwa vyekundu, taratibu, na sauti ikapanda kutoka mbali. Tulikaa pale siku nzima, na siku iliyofuata, na wiki. Ukali tuliushusha karibu na sifuri; hilo lilinishangaza, maana nilidhani ukali ndio kazi ya pedali. Wingi wa sauti tukaupandisha mpaka karibu na mwisho, ili pedali iisukume ile valvu ya kwanza mpaka ishindwe kustahimili. Toni nusu, kisha chini kidogo ya nusu, kwa sababu spika ilikuwa kali. Nilipopiga polepole, gitaa lilikuwa safi. Nilipopiga kwa nguvu, mzinga ulijibu. Vidole vyangu ndivyo vilivyoamua, si mguu. Nilichukua msumari nikakwaruza alama tatu kwenye rangi ya kijani, moja kando ya kila nobu, nisipoteze pale mahali. Mzee alifumba macho, akasema kwa Kimbeere, "Njuki."

Tatizo lililobaki lilikuwa mguu wangu. Kwenye ule wimbo wa Ndwiga wa mwanamke aitwaye Marigu, auzaye ndizi Kianjokoma, kulikuwa na mahali pa kukanyaga, na kila mara nilichelewa nusu pigo. Kwa hiyo mzee akawa ananiitia kutoka kwenye benchi, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake: "Mosi!" Na mimi nakanyaga. Bendi ikaanza kulicheka hilo neno, kisha ikalipenda. Alasiri moja, mvua za kwanza zikigonga mabati, Ndwiga alikuja na redio kaseti yake, akaiweka juu ya rafu, akasema anataka kunasa mazoezi ili ajifunze kubadilisha maneno ya ubeti wa tatu. Tulipiga mara moja tu. Baada ya noti ya mwisho kuku mweusi alilia ndani ya sanduku lake. Mama Wawira alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, githeri ikiungua. Mzee akaomba kaseti ile ibaki kwake, akaiweka kwenye droo ya benchi. Kisha akapapasa ile redio mgongoni kama mtu anayemsifu punda, akaniambia, "Siku moja hii itakuwa yako." Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa nimewahi kuahidiwa kitu.

Ndwiga akapata nafasi ya kurekodi Nairobi. Akatuambia tunaondoka Alhamisi. Nilimweleza mara tatu kwamba lazima tubebe redio ya valvu; akasema studio ina amplifaya za maana, si masanduku ya mazishi. Alhamisi nilipiga pasi shati langu kwa pasi ya makaa, nikaingia chumba cha mazoezi alfajiri, na msumari wa kuning'inizia gitaa ulikuwa mtupu. Pedali ya kijani haipo. Mama Wawira alikuwa anawasha moto. "Kwani hukuenda nao?" akauliza. "Walipita Jumanne."

Walikuwa wamechukua mpiga gitaa wa Nairobi, mtu mwenye jina. Nilijua hilo baadaye. Siku hiyo nilijua tu kwamba nimedanganywa siku, kama vile mtoto anavyodanganywa siku ya safari ili asilie. Nilikaa juu ya gunia langu. Mzee alifanya kazi bila kuniangalia. Saa sita alisema, "Watarudi. Wamebeba mosi, wameacha nyuki."

Jumamosi nilitoka kisimani na mtungi wa maji begani, nikazunguka nyuma ya chumba, na nikasikia sauti ya Ndwiga ndani. Bati ni ukuta wa uongo. Unasikia hadi mtu anavyomeza mate.

"Mzee, imekataa kabisa. Studio wanasema ni mbu. Yule mtu amejaribu siku mbili, ametupa mikono."

"Nilikuambia."

"Usininunie sasa. Nisaidie na hiyo redio. Wiki moja tu, nitairudisa." Ndwiga alipotaka kitu kutoka kwa mzee aliongea kama yeye.

Nilisikia droo, au nilidhani ni kiti. Kisha sauti ya mzee: "Chukua. Ni ya Mwiti, lakini chukua." Na kikohozi kikamshika, kile kirefu kinachoanzia magotini.

Sikungoja kiishe. Niliweka mtungi chini, kwa uangalifu, nakumbuka, usimwagike, na nikaondoka na nguo nilizovaa. Sikuingia. Mlango ulikuwa hatua tano. Nimezihesabu hatua hizo Isiolo nikibeba saruji, nimezihesabu Maua nikilinda geti la mtu, Garissa nikitengeneza pampu, Mwea kwenye trekta. Kila mahali nilipoanza kuzoeleka nilihama. Watu husema miguu yangu inawasha. Ukweli ni kwamba ule wimbo ulinifuata. Ulitoka mwaka uliofuata, na ulikuwa kila mahali: vinyozi, harusi, hotelini. Kwenye kava ya kaseti iliandikwa Ndwiga, mtunzi, mwimbaji na gitaa. Kila uliposikika tu mwanzo wake niliinuka nikaondoka, chakula nusu, kinyozi amenyoa upande mmoja. Kutoka nje nilisikia watu wakipiga kelele pamoja, mahali palepale, "Moshi!", na niliwaza: hata neno la mzee ameliiba, anajiitia mwenyewe. Na niliwaza, mzee mwenyewe ndiye aliyempa mzinga wangu. Huyo nilimchukia zaidi, kwa sababu kutoka kwa Ndwiga sikuwa nimetarajia kitu.

Nikiwa Isiolo dereva mmoja wa lori kutoka Runyenjes alinitafuta. "Wewe ndiye Mwiti? Fundi Ireri anasema uje usikie."

"Nisikie nini?"

"Hajasema. Ameniambia hivyo tu: aje asikie."

Nilidhani ananidhihaki. "Mwambie nimesikia ya kutosha," nikasema, na nikaongeza neno la matusi ambalo sitaliandika, juu ya watu wa Mbeere na asali yao. Dereva alilibeba, nina hakika. Mzee alikufa kiangazi kilichofuata na mimi nilipata habari amekwisha kuzikwa.

Basi narudi kwenye hema. Msomaji wa wasifu alipomaliza, akatangaza kwamba sasa, kwa heshima ya marehemu, utapigwa wimbo wake. Walikuwa na spika mbili ndefu kama milango, za kukodi, safi kuliko chochote nilichowahi kusikia huku. Niliinuka kama kawaida yangu. Mkono ukanishika kifundo cha mkono, mkavu, wenye nguvu ya kuni.

"Kaa," akasema Mama Wawira. Sikuwa nimemwona. Alikuwa amezeeka akawa mdogo kama mtoto wa shule, kitambaa cheupe kichwani. "Leo utasikia. Hata kama ni kwa nguvu."

"Mama, niache."

"Sikuachi. Ukitaka kuondoka, nikate huu mkono."

Nikakaa. Kwanza nilisikia mvua, nikaangalia juu. Hema lilikuwa limejaa jua. Mvua ilikuwa ndani ya spika. Ilikuwa inagonga bati. Kisha gitaa likaanza, safi, na nikajua vile vidole kabla ya kujua najua nini, kama unavyojua mwendo wa mtu wa kwenu kwa mbali. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Watu wote chini ya hema, wafiwa, wahubiri, vijana wa viti, wakavuta pumzi pamoja kwa ajili ya lile neno. Na katika zile spika safi, kabla wao hawajalipigia kelele, mzee asiye na meno alisema kutoka mbali na kipaza sauti, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake: "Mosi!" Akakohoa. Na mguu wangu, nusu pigo umechelewa, ukakanyaga.

Sijui nilifanya nini na uso wangu. Mama Wawira hakuniachia mkono. Wimbo ulipofika mwisho akanisogezea mdomo sikioni. "Ngoja hapo. Umesikia? Ni ile kuku yangu nyeusi."

"Hiyo si studio," nikasema.

"Studio gani? Ni kwangu. Ni ile kaseti ya mvua. Wao walisindwa huko, wakaja kulia, mzee akawapa kaseti, wakaenda kuiweka kwa masini."

"Alimpa redio. Nilisikia."

"Nani alimpa redio?" Alinigeukia kwa hasira, kweli kweli, akasahau tuko matangani. "Hiyo redio haijawahi kutoka mlango wangu! Ndwiga aliomba redio, mzee akafungua droo akampa kaseti. Akamwambia, kama mmekataa kijana, basi bebeni mikono yake, na muandike jina. Akaandika mwenyewe kwa karatasi, na ile kalamu ya kuandika kwa redio za watu: gitaa, Mwiti wa Kianjai. Akaweka ndani ya kava. Ndwiga akaapa mbele yangu. Halafu tukaona mtungi wa maji hapo nje, na wewe hauko."

Foleni ya kuaga ilikuwa imeanza. Nilienda nayo mpaka kwenye meza. Sikumtazama Ndwiga, niliinama juu ya pedali. Alama zangu tatu za msumari zilikuwa pale, zimefifia. Nobu zilikuwa zimekaa juu ya alama, sawasawa, na nilipojaribu kugeuza moja haikugeuka. Alikuwa amezigandisha kwa gundi. Miaka yote hiyo, kila jukwaa, juu ya amplifaya za transista mpya na mpya zaidi, alikuwa amekanyaga alama zangu akingoja sauti itoke, na ikatoka ya mbu. Aliamini sauti ilikuwa kwenye nobu. Nilitaka kucheka kwa kurusha kichwa nyuma, kama yeye. Nilitaka kumwamsha nimwambie. Nimemkasirikia mtu huyu zaidi ya nusu ya maisha yangu kwa kunifuta kwenye wimbo ambao nilikuwa ndani yake, na sasa kwa kuwa najua kosa lake hasa ni lipi, jina moja kwenye karatasi moja, hayupo wa kulijibu. Sikutupa udongo. Waliotupa walitosha.

Nilimsindikiza Mama Wawira nyumbani. Chumba cha nyuma kina bati jipya upande mmoja. Rafu zimebaki na redio mbili tatu. Mwisho wa benchi, chini ya kitambaa cha kufuma, ilikuwa pale.

"Mwanangu Wawira huiwasa Krismasi," akasema. "Mzee alisema isiuzwe. Mtu akija na gitaa kutaka kuijaribu, alikuwa anamwambia imekufa." Aliniangalia toka viatu hadi kichwa, kama mumewe alivyofanya zamani. "Bado una hasira, Mmeru?"

"Bado."

"Ni sawa. Kuna githeri."

Akaenda jikoni. Nilitoa kitambaa, nikachomeka, nikawasha. Kimya. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi kuizima, na neno la matusi tayari mdomoni. Nikauondoa mkono. Nikakaa sakafuni, mahali pa gunia, nikavitazama vile vioo gizani mwa sanduku, bado vyeusi, na nikangoja, kwa mara ya kwanza, kiasi kile ambacho siku ile sikukingoja nje ya bati: muda wa mzee kukohoa na kumalizia sentensi yake.